Mkwe Chini ya Taa ya Upasuaji

Wiki iliyopita mimi Kefa niliwaacha nikiwa nimekalia begi langu nje ya geti la hospitali ya misheni, nikisubiri kujua kama nitapokelewa au nitarudishwa Singida mjini. Kwa aliyekosa gazeti nitaeleza kwa kifupi nilifikaje pale, kisha tuendelee.

Nilikwenda chuo kusoma uongozi wa michezo. Chuo chenyewe kilikuwa Utemini, ndani ya ghala la zamani la ushirika. Ni miaka ile ushirika ulipokufa, watu binafsi wakaanza kufungua kila kitu: mabasi, redio, vyuo. Kuta za ghala bado zilinuka alizeti. Katikati waliweka ukuta wa silingibodi. Upande mmoja kozi ya uongozi wa michezo, upande wa pili kozi ya ufundi wa chumba cha upasuaji. Sisi tukifundishwa kupanga ratiba ya ligi, tuliwasikia wenzetu ng'ambo wakikariri majina ya mikasi.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa michezo alikwenda Arusha akawa hakurudi. Mkuu wa chuo, Bwana Bonaventura, akatukusanya.

"Vijana, mpira una watu kumi na mmoja, upasuaji una watano. Kazi ni ile ile ya kupanga watu. Hamieni upande wa pili."

"Na jezi je, mkuu?" akauliza Ashrafu, mtoto wa mfanyabiashara wa mjini.

"Za kijani," akajibu mkuu. Wala hakucheka.

Wengi waliondoka. Mimi nilibaki, maana kaka yangu alikwisha kuuza maksai wake wa kulimia ili nisome, na nisingeweza kumrudia mikono mitupu. Nikaazima vitabu, nikajisomea. Mwalimu Amri, mzee aliyestaafu kazi ya chumba cha upasuaji, alitufundisha kwa koleo za fundi baiskeli na mguu wa mbuzi. Nikashangaa kuona naipenda kazi ile kuliko nilivyoupenda mpira. Kila kifaa kina mahali pake, na kila mtu anajua zamu yake.

Tatizo likawa moja. Hakuna hospitali iliyotaka kutupokea kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu chuo hakikuwa na usajili. Bila vitendo hakuna cheti. Ni hospitali hii moja tu, mbele ya Mtinko, iliyosema: leteni mmoja tumtazame. Akifaa tutamwajiri, na wenzake watafuata.

Wakanichagua mimi.

Nilitaka vitu viwili tu katika maisha yangu. Kwanza, kusimama katika chumba cha upasuaji kama mtu wa kazi. Pili, kumwoa Rebeka, ambaye posa yangu ilikwisha kupokelewa kwao Mkalama. Leo nawaeleza jinsi vitu hivyo viwili vilivyogombana.

Geti lilifunguliwa. Aliyetoka ni mama mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye Sista Yunisi, si mtawa bali muuguzi, msimamizi wa chumba cha upasuaji.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mpira?"

"Ndiye."

"Hapa hatukimbii, hatupigi kelele, na mashabiki hatuna. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Ukishika kitu ambacho hujaambiwa ushike, unarudi na basi la kesho."

Basi nikaanza. Nilifua shuka za kijani, nikachemsha vifaa, nikapiga deki. Baadaye akaniruhusu kusimama pembeni nitazame. Sikuuliza swali hata moja mpaka kazi imalizike. Hilo lilimpendeza, nadhani, ingawa hakusema.

Asubuhi moja msaidizi wake aliamka na malaria kali, hata kusimama hawezi. Asubuhi hiyo hiyo akaletwa mgonjwa wa dharura.

"Kefa! Nawa mikono," Sista akaniita. "Ngiri imeubana utumbo. Hatuna muda."

"Mimi, Sista?"

"Kuna Kefa mwingine hapa?"

Nikanawa. Kunawa kwa upasuaji si kunawa kwa kula. Unasugua kwa brashi toka kucha mpaka kiwiko, unasuuza, unainua mikono juu maji yatiririkie kiwikoni. Kuanzia hapo mikono yako si yako tena. Hugusi mlango, hujikuni pua, humpi mtu mkono hata awe nani. Nikavalishwa gauni, glavu, kofia na kitambaa cha mdomo. Yakabaki macho tu.

Kitanda cha magurudumu kikaingia.

Alikuwa mwanamke. Ngiri huwapata hata wanawake, ila wao huificha kwa aibu, kwa vile inatokea pale kwenye mapaja, mpaka siku moja iwaangushe chini.

"Taratibu jamani," mgonjwa akalalamika. "Mimi siyo gunia la vitunguu."

Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona uso. Alikuwa Mama Rebeka. Mkwe wangu.

Msomaji wa mbali, nisikilize kidogo hapa. Kwetu, katika ukoo wangu na ukoo wao, mama mkwe hupishwa njia. Ukikutana naye unatoka njiani, unaingia majanini, unampa bega na kutazama pembeni. Mnasalimiana hivyo, kila mmoja akitazama kwake. Huli naye. Humshiki mkono. Kumwona maungo yake ni jambo ambalo watu hawalizungumzii, kwa sababu hawategemei litokee.

Nikamsogelea Sista, nikamnong'oneza.

"Sista, siwezi. Huyu ni mkwe wangu."

Hakugeuka. Aliendelea kupanga koleo mezani.

"Umeoa?"

"Bado. Posa imepokelewa."

"Mimi nimezaliwa Kilimatinde, Kefa. Unadhani Wagogo hatuna wakwe? Baba mkwe wangu mimi alilala juu ya meza hii hii, na nikasimama hapa nilipo."

"Ikawaje?"

"Ikawa akapona."

Daktari Antipasi akaingia mikono juu. Alikuwa Mnyiramba mwenzetu, mtu mpole.

"Mnanong'ona nini?"

"Kefa ana mkwe mezani," Sista akamnong'oneza.

Daktari akanigeukia. Aliujua vizuri uzito wa jambo hilo.

"Pole, ndugu yangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukitoka, sitakulaumu. Ila Sista lazima anishikilie jeraha, na mtu wa kunipa vifaa sina. Utumbo ukioza tumempoteza. Amua sasa hivi."

Nikatazama mlango. Nikamtazama yule mama, jasho likimtoka, midomo imemkauka.

Nikabaki.

Nilijiambia hivi: nimefunikwa uso, sitatoa sauti, nitatazama vifaa tu. Hatajua. Na asipojua, ni kama haikutokea.

Sista Radhia, mpiga ganzi, alimchoma sindano ya mgongoni. Ganzi ya mgongoni haimlazi mtu. Kiuno na miguu hufa, lakini kichwa kinaona na masikio yanasikia. Wakamlaza chali. Nami nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia, mikono nimeikusanya kifuani.

Mara akanyoosha mkono wake kwangu.

"Baba, nishike mkono. Naogopa."

Mkono ule ulikuwa karibu kabisa na gauni langu. Nikarudi nyuma, nikageuza uso, nikatazama ukuta.

"Mh! Huyu naye ana moyo wa jiwe," akasema.

Radhia akacheka, akaushika yeye ule mkono. "Mama usimlaumu, huyo amekwisha nawa. Haruhusiwi kumshika mtu."

"Hata mama yake?"

"Hata mama yake."

Pazia la kitambaa likawekwa kati ya uso wake na sisi. Kazi ikaanza.

Daktari hakusema neno. Alinyoosha kiganja, nikaweka kisu. Akanyoosha, nikaweka koleo. Utumbo ulipotokea ulikuwa umeiva rangi kama ya zambarau. Tukaufunika kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu, tukasubiri. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Polepole ukaanza kurudi rangi yake. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika, tukashona.

Mle ndani nilisahau kuwa mimi ni mkwe wa mtu. Nasema ukweli. Kwa muda ule nilikuwa mtu wa kazi tu.

Tulipotoka Sista Yunisi alivua miwani yake akaifuta.

"Nakwenda kwa mganga mkuu," akasema. "Nitamwambia tumepata mtu."

Siku hiyo nilikula ugali nikasikia ladha yake. Niliwaza namna nitakavyoandika kwa Mwalimu Amri, na namna Ashrafu na wenzake watakavyofungasha mabegi. Ndiyo furaha niliyopata. Ilidumu mpaka kesho yake asubuhi.

Nilikuwa naanika shuka nyuma ya jengo Radhia aliponifuata. Hakuwa na kile kicheko chake.

"Kefa, yule mama anakuulizia."

"Ananiuliziaje? Hakunitambua."

"Anasema wote mle ndani tulimtazama usoni, tukampa pole. Ila mmoja alimpa bega akatazama ukuta. Mimi nikamwambia tena, mama, alikuwa amenawa. Unajua amenijibu nini?"

"Nini?"

"Amesema, aliyenawa anarudisha mikono nyuma. Aliyegeuza uso ni mkwe. Akaniuliza, Kefa mchumba wa binti yake anafanya kazi hapa?"

Shuka ikaniponyoka, ikaanguka kwenye vumbi.

Zingatieni hilo. Ningemtazama usoni kama mtu asiye na adabu, asingejua kitu. Heshima yangu ndiyo iliyonisema.

Nikakimbilia kwa Daktari Antipasi. Alikuwa na Sista Yunisi barazani.

"Hilo dogo," daktari akasema. "Mume wake akifika nitamwambia ulikuwa nje, unachemsha vifaa. Mimi ni mtu wa kwao, wataniamini."

"Hapana," Sista akasema.

"Sista, kijana atapoteza mchumba."

"Daktari, mtu akitoka kwenye chumba kile na kusema hakuwepo, kesho atatuambia hakuacha kitambaa tumboni. Anayeficha alichokifanya mle, simtaki tena mle." Akanigeukia. "Sikulazimishi, Kefa. Chagua tu ukijua."

Sikumwona kuwa mkatili. Alikuwa na haki yake, na daktari alikuwa na huruma yake.

Mzee Gasto, baba yake Rebeka, alifika kabla jua halijawa kali. Aliingia wodini, akakaa kidogo, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Akanijia moja kwa moja pale kwenye kamba za nguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliegemea fimbo yake. "Kefa, nitakuuliza mara moja, na nitaamini utakalojibu. Ulikuwepo?"

Ningeweza kusema hapana. Alikwisha kuniahidi kuamini.

"Nilikuwepo, baba. Nilikuwa natoa vifaa. Nilitazama vifaa."

"Sijakuuliza ulitazama nini. Ulimwona?"

"Nilimwona."

Hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Alikaa chini juu ya jiwe la kufulia kama mtu aliyetembea kutwa nzima.

"Wewe ni kijana mkweli," akasema. "Na mimi sina la kufanya na ukweli huo."

Akanieleza hali ilivyo. Mama Rebeka alikuwa amejifunika kanga gubigubi tangu alfajiri. Amekataa uji. Amekataa mtu yeyote asiguse kidonda chake. Kuna lori la vitunguu lingepita mchana kuelekea Mkalama, naye amesema lazima apande, akafie kwake kuliko kulala katika nyumba ambamo mkwe wake amemwona.

"Baba, kwa barabara ile mshono utafumuka!"

"Daktari amekwisha niambia. Nimemwambia mama yenu. Anasema heri mshono ufumuke kuliko aibu."

Sista Yunisi akaja mbio. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akikimbia.

"Kefa, nenda pale dirishani mwambie hukuwepo."

Nikamtazama. "Sista, asubuhi umesema..."

"Asubuhi nilikuwa nasema habari za kazi. Sasa nasema habari za mtu. Nenda."

"Umechelewa, Sista," Mzee Gasto akasema pole pole. "Nimesikia kwa masikio yangu. Mimi na yule mama tumezeeka pamoja. Nikisikia Kefa akimdanganya, uso wangu utamwambia."

Sista akashusha mabega.

"Basi na lingine mlijue," akasema. "Mganga mkuu ameambiwa. Anasema mgonjwa akiondoka akafia njiani kwa sababu ya kijana huyu, hatuwezi kumwajiri, wala hatuwezi kupokea mwingine wa chuo chake."

Nikahesabu moyoni vitu vyangu viwili, nikaviona vyote vinaondoka kwa lori moja.

Mbuzi alikuwa anakula ile shuka iliyoanguka, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha Mzee Gasto akakohoa.

"Kuna njia," akasema. "Nimeifikiria toka wodini. Sikutaka kuisema, maana nakupenda."

"Sema, baba."

"Kinachomuua yule mama ni neno mkwe. Kuonwa na mtu wa hospitali ni ugonjwa tu, kila mtu huonwa. Sasa wewe hujaoa. Posa ni maneno, na maneno huvunjwa kwa maneno. Ukisema wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele ya Rebeka na mama yake akisikia, kwamba humtaki tena Rebeka, basi wewe si mkwe. Ulikuwa mtu wa hospitali. Hapo ataweza kufunua uso."

"Ametamka hivyo mwenyewe?" Sista akauliza.

"Nimemuuliza. Hakujibu. Lakini aliacha kulia."

Nikakaa chini palepale.

Jamani, nilijaribu kumtafuta mtu wa kumlaumu nikamkosa. Mama anatetea heshima aliyolelewa nayo. Mzee anatafuta uhai wa mke wake. Hata Bwana Bonaventura na ghala lake, alinitoa kwenye mpira, lakini hakunipeleka kwenye meza ile kwa makusudi.

"Nikisema hivyo, Sista, kazi itakuwepo?"

"Mgonjwa akibaki, kazi ipo."

"Na Rebeka, baba?"

"Rebeka atalia. Halafu ataolewa kwingine. Lakini mama hana mwingine."

Ndipo tukamwona. Alikuwa anakuja kutoka upande wa jiko la hospitali, chupa ya chai mkononi, kanga imemteleza kichwani. Yeye ndiye aliyemleta mama yake jana, akalala kwenye banda la wauguzaji, na habari za aibu ile hajaambiwa. Aliponiona akatabasamu.

"Kefa! Daktari ameniambia ulisaidia kumwokoa mama. Nilitaka nikushukuru kabla sijamwambia mama..."

"Rebeka," baba yake akamkatiza. "Sogea hapa, karibu na dirisha. Kefa ana neno."

Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Ndani, nyuma ya pazia la maua, kilikuwa kitanda cha Mama Rebeka. Kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Rebeka akanitazama, akamtazama baba yake, akamtazama Sista. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo.

"Neno gani?"

Nikasimama. Nikalitafuta neno lenyewe. Niliona ni bora kulisema haraka, kama mtu anayeng'oa bendeji.

"Rebeka, mimi..."

"Ngoja," akasema. Alikuwa amekwisha kuelewa. Sijui alielewa kwa uso wangu au kwa ukimya wa watu wale. "Ni la kuvunja?"

"Ni la kuokoa maisha ya mama yako," Mzee Gasto akasema. "Akilisema, Kefa si mkwe tena. Mwache aseme, mwanangu."

Rebeka akaweka chupa ya chai chini. Akamgeukia baba yake.

"Baba, nisamehe. Hata akisema, halitasaidia kitu. Mkwe wenu atabaki kuwa huyu." Akaweka kiganja juu ya tumbo lake. "Nina mimba yake."

Mzee Gasto akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Sista Yunisi peke yake ndiye aliyegeukia dirisha. Nyuma ya pazia la maua vyuma vya kitanda vikalia, kisha tukasikia miguu mitupu ikigusa sakafu.

Mama Rebeka alikuwa anashuka.